Viriba Vilivyokataa Kuoza

Mchungwa wa miaka mitatu hautikisiki kwa mkono mmoja. Ukiusukuma, anayerudi nyuma ni wewe. Mama Miche alilijua hilo kuliko alivyojua tarehe za kuzaliwa za wanawe, na ndiyo maana asubuhi ile, kaka yake alipomwambia ashike shina na kusukuma, akasukuma, na mti ukayumba kuanzia chini kabisa kama jino bovu, hakuuamini mkono wake. Aliuachia. Akaushika tena. Ukayumba tena.

"Umeona?" kaka yake aliuliza. "Na mingine iko hivyohivyo. Nimehesabu hadi ishirini na tatu, nikaona bora nikuite kabla sijafika mwisho."

Mama Miche ana miaka hamsini na minne, ni mfupi, na vidole vyake vimepinda kidogo kwa sababu ya kazi. Ndiye msimamizi wa kitalu cha mji, mahali ambapo shule, zahanati na watu wa kawaida huenda kuchukua miche ya matunda na ya kivuli. Jina hilo anaitwa na kila mtu, mumewe akiwamo. Aliingia kitaluni kama mfagiaji. Kwa miaka miwili alifagia vijia vilivyo kati ya matuta huku jicho lake likiwa kwenye mikono ya wabebeshaji, wale wanaochukua kijiti cha mchungwa mtamu na kukifunga juu ya shina changa la mlimau hadi viwili vishikane viwe mti mmoja. Siku mmoja wao alipougua, aliomba ajaribu. Kati ya miche arobaini aliyobebesha siku hiyo, thelathini na minane ilishika. Ufagio akapewa mtu mwingine. Hana cheti cha chuo chochote. Ana mikono, na ana tabia ambayo wenzake huiona kero: haamini kitu ambacho hajakijaribu mwenyewe.

Kaka yake wanamwita Dereva, kwa kuwa aliendesha malori miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, watu walitarajia atanunua gari. Hakununua. Alirudi kwenye ekari moja waliyoachiwa na wazazi wao, nyuma ya nyumba ya matofali ambayo upande mmoja haujapigwa lipu hadi leo, akaisafisha, akachimba mashimo mia moja na sitini kwa mkono wake huku mgongo ukimlalamikia, na kwa neno la dada yake akapanda michungwa. Wakati huo alikuwa na miaka sitini na mmoja. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mwaka wa nne miti ingeanza kuzaa, mwaka wa sita ingemlisha yeye na mkewe, na ingeendelea kuwalisha hadi wasihitaji tena kulishwa. Hakuwa na hesabu nyingine. Mtu wa miaka sitini na mmoja hapandi bustani mara mbili.

Sasa ilikuwa mwaka wa tatu, na majani yalikuwa yamefifia kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Dereva alikuwa ameweka samadi. Alikuwa amenyunyizia dawa ya wadudu ingawa hakuona mdudu. Maji aliyabeba mwenyewe kutoka kisimani, ndoo mbili mbili.

"Tuchimbe mmoja," Mama Miche alisema.

"Upi?"

"Uliochoka zaidi."

Walichagua wa safu ya mwisho, karibu na uzio. Dereva alichimba kwa jembe kwa duara pana, kisha Mama Miche akapiga magoti na kuendelea kwa mikono. Mke wa Dereva alitoka ndani na kikombe cha chai, akasimama kuwatazama. Yeye na Mama Miche wametaniana tangu siku ya posa, na hakuna aliyewahi kukubali kushindwa.

"Wifi, mnatafuta hazina? Maana kama ni hazina, na mimi ni mrithi."

"Lete maji, mrithi."

"Mtaalamu wa mji mzima kaja kuchimba kama kuku. Haya, maji yanakuja."

Maji yalipomwagwa na udongo ukaachia, kilionekana kitu cha kijani. Mama Miche alikisafisha kwa kidole gumba. Kilikuwa kiriba, ule mfuko mwembamba ambao mche hukuzwa ndani yake kabla ya kwenda shambani. Kilikuwa kizima. Kilikuwa kimekunjamana na kupoteza mng'ao, lakini maandishi yalisomeka bila shida: picha ya jani, na chini yake, *Huoza chenyewe ardhini*.

Alichukua kisu na kukichana kutoka juu hadi chini. Ndani mizizi ilikuwa imezunguka na kuzunguka, mmoja juu ya mwingine, kama kamba iliyosokotwa kwenye ndoo. Mitatu tu ndiyo iliyopata njia kupitia yale matundu madogo ya kutolea maji. Nje ya kiriba mizizi hiyo ilikuwa na unene wa kidole gumba. Pale ilipopita kwenye tundu, ilikuwa myembamba kama penseli.

Dereva aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo," alisema, "miaka mitatu nimekuwa nikimwagilia mti uliovaa soksi."

Mkewe alicheka. Mama Miche hakucheka.

"Ni mimi niliyekwambia usichane," alisema.

"Nakumbuka. Nilikuwa na wembe mkononi, ukanipokonya."

Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anaeleza ilivyokuwa, kama anavyoeleza njia za malori.

Ilikuwa hivi. Kwa zaidi ya miaka ishirini, somo la kwanza la Mama Miche kwa kila aliyekuja kuchukua mche lilikuwa wembe. Ukifika shambani, chana kiriba, kitoe chote, ndipo upande. Ukikiacha, mti utakua mwaka mmoja au miwili kisha utajinyonga. Alilisema hilo mara nyingi kiasi kwamba wafanyakazi wenzake walikuwa wakilimalizia wao akianza. Na bado watu walisahau, au waliona uvivu, na vile viriba vyeusi vya zamani vilizagaa kwenye mitaro yote ya mji.

Kisha vikaja vya kijani. Wakala aliyevileta alikuja na kipeperushi na maneno mazuri: mfuko huu umetengenezwa kwa wanga wa mimea, panda nao, utaoza wenyewe ndani ya miezi sita na kuwa chakula cha mti. Mkuu wa idara inayosimamia kitalu alifurahi. Wafanyakazi walifurahi. Mama Miche alisema hataupokea hadi aujaribu.

Akaujaribu. Alichukua viriba kumi, akavijaza udongo, na kuvizika mahali ambapo pale kitaluni huzikwa kila kitu kinachotakiwa kuoza: kwenye lundo la mboji. Lundo la kitalu kile ni kubwa kuliko chumba, la majani, samadi na pumba, na wafanyakazi huligeuza kila wiki. Asubuhi za baridi hutoa mvuke. Ukiingiza mkono hadi kwenye kiwiko, huwezi kuuacha humo ukahesabu hadi kumi. Baada ya wiki kumi na moja Mama Miche alifukua lundo zima, akatafuta kwa uma, kisha kwa mikono, kisha akachekecha. Alipata vipande viwili vyenye ukubwa wa kucha. Vingine vyote vilikuwa vimekwisha.

Hapo ndipo alipoamini. Na alipoamini yeye, mji mzima uliamini. Wembe ukarudi kwenye droo ya meza. Akawa anawaambia watu, kwa sauti ileile ya miaka yote, wasichane tena, wasisumbue mizizi, wapande na kiriba chake. Na mwaka wa kwanza ulimpa haki: miche iliyopandwa bila kuguswa mizizi ilishika vizuri kuliko wakati wowote. Mkuu wa idara aliliandika hilo kwenye ripoti yake. Kwa miaka mitatu na miezi kadhaa, miche zaidi ya elfu arobaini ilitoka kwenye lango la kitalu ikiwa ndani ya viriba vya kijani. Mia moja na sitini kati ya hiyo ilipakiwa kwenye lori la kuazima na Dereva mwenyewe, aliyekataa mtu mwingine asiiguse.

Jioni ile Mama Miche alirudi kitaluni akiwa na kile kiriba ndani ya mfuko wa sukari. Alichukua kipimajoto cha lundo, fimbo ndefu ya chuma yenye kioo cha mshale kama saa juu yake, akakichomeka kwenye mboji. Nyuzijoto sitini na mbili. Akakichomoa, akakifuta kwa kanga, akakichomeka kwenye udongo wa kawaida chini ya mpera wa mbegu, uliopo pale tangu kabla hajaajiriwa. Akasubiri. Ishirini na nne. Akasubiri tena, kana kwamba kipimajoto kilikuwa hakijaelewa swali. Ishirini na nne.

Ofisi ya wakala wa viriba iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la simu. Ni mtu mwenye adabu, anayevaa shati lenye nembo ya jani. Alimpa Mama Miche kiti na akamwita mama yangu.

"Mama yangu, kiriba hakina tatizo. Kiriba kinaoza. Wewe mwenyewe ulijaribu, mbele ya watu."

Mama Miche alikiweka juu ya meza. Udongo ukamwagika kwenye karatasi.

"Hiki hapa. Miaka mitatu."

"Hiki hakikupata mazingira yake."

"Mazingira yake yapi? Ni kiriba cha miche. Kinakwenda wapi kama si ardhini?"

Wakala alifungua droo na kutoa cheti kilichofunikwa kwa plastiki ngumu. Alikisoma kwa kidole, na Mama Miche akafuata kidole. Kilisema mfuko huo huvunjikavunjika kwenye mtambo wa mboji, katika joto la nyuzi hamsini na nane au zaidi, unyevu wa kutosha na hewa ya kutosha, ndani ya siku mia moja na themanini. Kilikuwa cheti halali. Hakikutaja shamba mahali popote.

"Pale kwenye mizizi kuna joto gani?" wakala aliuliza.

"Ishirini na nne. Jua likiwa kali, ishirini na sita."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi kitachukua muda."

"Muda gani?"

"Hilo halijapimwa, mama."

"Lakini mmeandika huoza ardhini. Kwenye kipeperushi mmeandika tupande nacho."

"Yale yaliandikwa na watu wa matangazo." Aliona haya kidogo, akairudisha ile karatasi kwenye droo. "Sisi tulipokea hivyo. Sikudanganyi, mama yangu. Unafikiri ningejua ningempelekea mama yangu mzazi? Ana mipera thelathini, yote iko ndani ya hivi."

Mama Miche alikirudisha kiriba kwenye mfuko wa sukari. Alikuwa amekuja na hasira ya mwendo wa nusu saa, na sasa hakuona pa kuiweka.

Alipofika mlangoni wakala alimwita.

"Sasa mama mzazi nimwambieje? Achimbe?"

"Ina umri gani?"

"Miaka miwili na nusu."

Mama Miche alisimama na mkono kwenye kitasa. "Sijui," alisema. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimuuliza habari za mti naye akajibu hivyo.

Kwa mkuu wa idara alikwenda kesho yake. Alitaka tangazo: kwenye ubao, kwenye redio, kwenye shule, popote. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, maana si mtu mbaya na anajua kwamba kitalu kinasimama kwa sababu ya mwanamke huyu.

"Tunatangaza nini?" aliuliza.

"Kwamba viriba haviozi."

"Sawa. Mwenye mti wa miaka mitatu anasikia redioni kwamba kiriba hakiozi. Anafanya nini? Anauchimba?"

"Akiuchimba bila kujua, anaua."

"Asipouchimba?"

"Mingi itakufa. Au itaanguka."

"Kwa hiyo una dawa ya kuwapa?"

"Bado sina."

"Siku ukipata dawa, njoo hapa, tutatangaza kabla jua halijazama. Lakini ukitaka nikawatie watu maelfu hofu nisiyo na tiba yake, hilo siwezi. Na stoo bado kuna viriba vya mwaka mzima. Tuvitumie, ila uwaambie wachane."

Hilo alilifanya. Alirudisha wembe. Kila mtu aliyetoka na mche alitoka pia na nusu ya wembe iliyofungwa kwenye karatasi, na maneno yaleyale ya zamani. Wateja wa siku nyingi walimcheka. "Mama Miche, mbona unatuchanganya? Juzi usichane, leo chana. Kesho utatwambia tupande juu chini." Aliwaeleza. Wengine walielewa na nyuso zao zikabadilika, kwa sababu walikuwa na miti nyumbani. Waliuliza wafanye nini. Aliwaambia wasogeze udongo kidogo waangalie, wafunike, wasubiri. Alijua kwamba kusubiri hakutibu chochote. Ila kuliwapa kazi ya mikono.

Alifungua pia daftari la kitalu, akitaka kuwatafuta wenyewe waliochukua. Shule zilikuwa zimeandikwa kwa majina yake, na zahanati, na kituo cha polisi. Kwa watu binafsi yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake, alikuwa ameandika kama walivyojulikana langoni: Fundi Bomba miche minne, Mzee wa Baiskeli kumi, Mama Mapacha miwili, Mrefu sita. Alipofika ukurasa wa tisa alilifunga.

"Kwani wewe ndiye uliyevitengeneza?" mumewe alimuuliza walipokuwa wakila.

"Mimi ndiye niliyesema vinaoza."

"Ulijaribu."

"Nilijaribu kwenye moto," alisema. "Miti haipandwi motoni."

Alibaki na kaka yake. Bustani ya Dereva ndiyo pekee iliyokuwa wazi mbele yake, miti yote mahali pamoja, mwenyewe yuko tayari kusikiliza. Kama kulikuwa na dawa, ingepatikana pale.

Walikubaliana kuanza na miti kumi. Mama Miche alipanga kazi kama anavyopanga daima, kwa kamba na vijiti. Walichimba pande zote za kila mti, wakachana kiriba, wakakivuta kipande kwa kipande kutoka katikati ya mizizi iliyokishika kama vidole. Kisha akaikata ile mizizi iliyojizungusha, kwa sababu ikiachwa huendelea kuzunguka hata bila kiriba. Kisha akapunguza matawi kwa nusu, ili mizizi iliyobaki isibebe mzigo usioweza. Akafukia, akamwagilia, akaweka nyasi kavu juu. Mti mmoja uliwachukua karibu nusu ya asubuhi. Mgongo wa Dereva ulikubali miti miwili kwa siku. Mkewe alibeba maji na hakuacha kuwatania.

"Huu umenyolewa kama mwanajeshi."

"Ukipona utakushukuru, wifi."

"Ukipona nitaolewa nao mimi. Kaka yako kazi kujishika kiuno tu."

Baada ya wiki saba, sita ilikuwa imekauka. Miwili ilikuwa imesimama tu, haifi wala haichipui. Miwili ilitoa vijani vidogo. Mama Miche aliipitia yote akitafuta sababu. Je, iliyochipua ilikuwa na mizizi mingi nje ya kiriba? Mmoja ndiyo, mmoja hapana. Ilikatwa kidogo? Ilikatwa sawa. Ilipata maji zaidi? Ndoo zilikuwa zilezile. Alirudia kuangalia hadi Dereva akamwambia aache, anaikanyagia udongo.

Wiki iliyofuata ilikuja mvua yenye upepo. Haikuwa kubwa, mabati ya mtu hayakung'oka. Lakini kati ya miti ambayo hawakuigusa, kumi na minne ililala. Haikuvunjika. Ilikuwa imeegemea chini ikiwa na majani yake yote, na chini ya kila mmoja kulikuwa na donge la udongo lenye umbo la mfuko.

Dereva alimsubiri dada yake karibu na uzio. Hakuwa amebadilisha nguo zilizolowa.

"Nisaidie kuelewa," alisema. "Tukiigusa, inakufa."

"Baadhi."

"Tusipoigusa, inaanguka."

"Baadhi."

"Na ile ambayo haitakufa wala kuanguka, ni ipi?"

"Sijui, kaka."

"Miaka ishirini na minane uko kitaluni."

"Sijui."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa barabara imefungwa na hakuna njia nyingine. Kisha akaenda kuchukua shoka. Alikatakata ile kumi na minne bila haraka, akapanga kuni kando ya ukuta usio na lipu, ndogo kwa ndogo, kubwa kwa kubwa. Hazikuwa nyingi. Mti wa miaka mitatu hautoi kuni za maana.

Mke wa Dereva alimletea Mama Miche chai na kiti. "Karibu, wifi," alisema, kisha akasimama pembeni na mikono ameifunga kifuani. Siku hiyo hakumtania hata mara moja, wala siku iliyofuata, na Mama Miche, ambaye alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, aligundua kwamba hakuwa amejiandaa kwa adabu.

Alipunguza kwenda. Alijiambia kazi zimemzidi. Miezi miwili ikapita hivyo, anapiga simu, anauliza hali ya mgongo, anauliza hali ya hewa, hali ya miti hawaitaji wote wawili.

Kisha asubuhi moja Dereva alipiga yeye, na sauti yake ilikuwa ya miaka ya nyuma, ya mtu aliyerudi safari na mzigo wote salama.

"Njoo uone. Usiulize, njoo tu."

Harufu aliipata kabla hajafika kwenye uzio. Bustani yote ilikuwa nyeupe. Maua yalikuwa yamejaa kwenye matawi, kwenye vijitawi, mengine yametokea kwenye shina lenyewe, mengi kiasi kwamba mahali pengine jani halikuonekana. Nyuki walikuwa wakivuma juu ya bustani nzima. Mke wa Dereva alimkimbilia akamkumbatia, ana maua kwenye nywele.

"Wifi! Tulikusema bure, mwenzangu. Mimi hasa. Nilikusema hadi kwa jirani. Angalia! Mwaka huu tutakula machungwa hadi tutoke upele."

"Mmenisema sana?"

"Sana! Nitakuomba msamaha kwa gunia."

Dereva alikuwa anatabasamu kando ya mti wa kwanza. Mama Miche alimpita. Alikwenda mti hadi mti, akishika mashina. Ule ulioyumba kidogo ulikuwa na maua ya kawaida. Ule ulioyumba sana ulikuwa na maua mengi. Mmoja ambao ungeweza kuung'oa kwa mikono miwili ulikuwa umetoa maua kama pazia, na chini ya maua majani yake yalikuwa machache, ya njano, yaliyojikunja kwa ndani. Aliwahi kuona hivyo kwenye kitalu, kwa miche iliyosahauliwa kwenye viriba hadi ikakomaa humo: kabla ya kufa hutoa maua, vitoto vya miti visivyofika magotini, vimejaa maua.

Aliporudi, wote wawili walikuwa wanamtazama, na aliona kwamba kaka yake ameshajua kuna jambo. Alikuwa amemsoma hivyo tangu utotoni.

"Sema," Dereva alisema.

"Mti uliokabwa huwa unafanya hivi. Unatoa kila ulichonacho."

"Unatoa kwa nini?"

"Upate mbegu kabla haujafa."

Mke wa Dereva alishusha mikono. Ua moja lilimdondoka begani na hakulipangusa.

"Yote?" aliuliza.

"Si yote. Ile inayoyumba."

"Inayoyumba ndiyo mingi," Dereva alisema.

Nyuki walivuma. Mama Miche aliwaeleza, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kueleza. Maua yakiachwa yatakuwa machungwa, madogo, na mti utatumia akiba yake yote kuyalisha. Huenda wakavuna mara hii moja, kisha basi. Maua yakiondolewa sasa, kabla hayajashika, huenda mti ukapeleka nguvu chini, kwenye mizizi michache iliyofanikiwa kutoka, ikanenepa, ikaushika mti.

"Huenda," Dereva alisema.

"Huenda."

"Au?"

"Au ukafa bila hata hilo chungwa moja."

Dereva alilitazama shamba lake kutoka upande mmoja hadi mwingine. Miti mia moja na thelathini na tisa ilikuwa bado imesimama. Hakuwahi kuiona ikiwa na maua kabla ya wiki hii.

"Ungekuwa wako ungefanyaje?"

"Usiniulize hivyo, kaka."

"Nimuulize nani? Yule wa shati la jani?" Hakupandisha sauti. "Niambie kimoja tu. Nitafanya utakachosema. Mara ya kwanza ulisema, nikafanya."

Mke wake alisema, "Baba watoto, muache."

"Simwonei. Nataka kusikia."

Mama Miche alifungua mdomo akijua kwamba lolote atakalosema litafanyika. Alitamani kuwe na lundo mahali fulani la kuzika swali hili, arudi baada ya wiki kumi na moja kutazama. Maua hayasubiri wiki kumi na moja. Siku nne, tano, yangekuwa yameshika.

"Tuyaondoe," alisema. "Kwenye yote. Hata usioyumba, mizizi yake hatuijui."

Dereva alisogea kwenye mti wa kwanza, akashika tawi karibu na shina, akatelezesha kiganja hadi nchani. Maua yakamwagika miguuni kwake. Alishika tawi la pili. Mkewe alikaa kidogo akimtazama, kisha akajifunga kanga kiunoni, akaenda safu ya pili, akaanza na yeye, taratibu, moja moja mwanzoni, kama anayechambua mchele. Mama Miche alichukua safu ya tatu.

Nyuki waliyafuata maua chini, wakaendelea kunyonya humohumo kwenye vumbi, na ilibidi mtu aangalie anapokanyaga. Jua lilipofika utosini walikuwa wamemaliza miti kumi na tisa. Ilibaki mia moja na ishirini. Viganja vyao vilinata na kunukia vizuri.

Wakiwa wanakunywa maji, mke wa Dereva alimsogelea Mama Miche na kuuliza kwa sauti ya chini, ili mumewe asisikie.

"Wifi, una uhakika?"

"Sina."

Mke wa Dereva aliitikia kwa kichwa. Alirudisha kikombe kwenye mtungi, akajipangusa mikono kwenye kanga, na wote wawili wakaenda kwenye mti uliofuata.